Cherehani Namba 411

Mwizi hafagii. Hilo ndilo lililomchanganya Fundi aliporudi kutoka kwa dada yake, alikokwenda kuuguza siku nne, akakuta pale dirishani cherehani haipo na sakafu imefagiwa. Alama nne za miguu ya chuma zilikuwa bado kwenye saruji, zimechimbika kama ndui, na juu yake hewa tupu. Mkasi ulikuwepo. Pasi ilikuwepo. Vitambaa vya sare vilikuwa vimepangwa kwenye benchi vizuri kuliko alivyoviacha mwenyewe. Mwizi gani huyo mwenye adabu?

Akaweka mkoba chini, akaukalia. Sare ishirini na sita za watoto zilikuwa zinasubiriwa, shule zinafunguliwa baada ya wiki mbili, na hata kola moja haijakaa.

Mumewe akaingia na kikombe cha chai. Mji mzima ulimwita Karani kwa sababu alikaa posta maisha yake yote, na mpaka leo, miaka mingi baada ya kustaafu, alitembea na kalamu mbili mfukoni kama mtu anayesubiri telegramu.

"Umerudi," akasema, na alifurahi kweli. "Dada yako anaendeleaje?"

"Anakula sasa. Mume wangu, cherehani iko wapi?"

"Ipo."

"Ipo wapi?"

"Mahali salama. Hakuna mvua, hakuna panya." Akanywa chai. "Mia nne na kumi na moja."

"Umeiuza?"

Karani akamtazama kama ametukanwa. "Niiuze? Nimeitoa. Iko makumbusho. Walikuja na mkokoteni, vijana wawili, nikawasimamia mwenyewe mlangoni isigonge."

Binti yao, aliyekuwa anauza duka la dawa na ndiye aliyebaki kumwangalia baba, akatokea jikoni amejishika kichwa. "Mama, wallahi nilikuwa kazini. Niliporudi akaniambia imekwenda kutengenezwa. Nikaamini. Alivyosema, nani asingeamini?"

Hapo alisema kweli. Karani hakuwahi kuwa mwongo, na hata sasa hakuwa. Alisema kile alichokuwa nacho kichwani saa hiyo, basi.

*

Makumbusho ya mji yalikuwa kwenye jengo la posta ya zamani, vyumba vitatu na korido. Chama cha Historia ya Mji kilikuwa na wanachama tisa, wote wastaafu, wote wabishi, na jengo walipewa bure kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyelitaka. Masanduku ya barua yalikuwa bado ukutani na namba zake. Pale palipokuwa dirisha la stempu ndipo walipokatia tiketi, na nyuma ya dirisha alikaa Mwenyekiti, mwalimu mkuu mstaafu, mtu aliyemwinukia kila mgeni kana kwamba ni mkaguzi wa elimu.

"Shemeji," akasema, akasimama. "Leo umetukumbuka. Wake wa wanachama tunawakata nusu ya kiingilio."

"Mwalimu, nimekuja kuchukua cherehani yangu."

Mwenyekiti akavua miwani akaifuta. Tabia hiyo alikuwa nayo tangu darasani. Akiulizwa swali gumu, miwani inachafuka. "Kwanza uione," akasema. "Tumeiweka vizuri sana." Lakini mkono ulibaki pale dirishani, umekunjuka, mpaka Fundi akatoa sarafu akamwekea.

Ilikuwa kwenye chumba cha vifurushi. Walikuwa wameipandisha juu ya jukwaa la mbao, wameizungushia kamba nyekundu, wameipaka mafuta mpaka gurudumu linang'aa kama halijawahi kufanya kazi. Mguu mmoja ulikuwa haugusi jukwaa. Nyumbani Fundi aliutilia kipande cha boksi. Hawa wangejuaje? Ukutani juu yake palibandikwa karatasi iliyochapwa:

CHEREHANI YA MGUU. Na. 411. Ilitumiwa na fundi maarufu wa mji huu kwa miaka thelathini na minane. Ilishona sare, magauni ya harusi na sanda.

Fundi akasoma mara mbili. "Ilitumiwa," akasema. "Mwalimu, mimi nimekufa?"

"Ni lugha ya makumbusho tu, shemeji."

"Basi lugha yenu inazika watu na roho zao."

Akanyoosha mkono kuigusa pale kwenye shingo, mahali rangi ilipobanduka kwa kiganja chake mwenyewe. Pembeni walikuwa wamesimama kijana na mchumba wake, wamekuja kupiga picha. Yule msichana akamwambia kwa sauti ya upole, "Mama, imeandikwa usiguse."

Fundi akarudisha mkono. Futi ya kupimia ilikuwa bado inaning'inia shingoni mwake. Saa kubwa ya ukutani ikapiga saa nne, na mle ndani ikawa hiyo saa tu ndiyo yenye kazi.

Ofisini Mwenyekiti alifungua daftari la mapokezi, kubwa kama mto wa kulalia. Kila kitu kilichowahi kuingia humo kiliandikwa kwa hati moja, imelala kidogo kulia, hati ya Karani. Namba, tarehe, kitu, mtoaji, sharti la mtoaji, saini.

"Kifungu cha saba," Mwenyekiti akasema. "Kilichoandikwa hakirudi. Shemeji, sisi hatuna roho mbaya. Tulipewa baiskeli ya mtu wa kwanza kusambaza barua mji huu. Mtoto wake akaja kuidai, tukamwonea huruma tukampa. Kesho yake tukaiona sokoni imebeba mkaa. Ndiyo tukaweka kifungu."

"Nani alikiandika?"

"Mumeo."

Fundi akacheka bila kutaka. "Na ulipoipokea, hukujiuliza mimi nitashonea nini?"

"Alisema umestaafu. Alisema mmekaa mkakubaliana." Miwani ikavuliwa tena. "Mtu aliyetushikia daftari hili miaka kumi na tisa, mimi nitaanza kumhoji? Na nikianza, nitaishia wapi? Mwezi wa tatu aliandika mtungi mmoja mara tatu, kwa namba tatu. Tulifuta kimya kimya. Sote tunajua, shemeji. Ila hakuna aliyesema, kwa hiyo haijawa."

Kisha Mwenyekiti akavuta droo akatoa fomu, akaisukuma juu ya meza polepole, kwa kidole kimoja. Juu yake palichapwa: Kilichoandikwa kinarudi kwa sababu moja tu. Mimi, ndugu wa mtoaji, nathibitisha kwamba mtoaji hakuwa na akili timamu siku ya kutoa.

"Nikisaini?"

"Inasomwa kikao cha Jumamosi. Inabandikwa kwenye ubao pale mlangoni siku thelathini, kama mtu ana pingamizi. Na mwanachama ambaye..." Hakuimalizia hiyo. "Itabidi arudishe funguo."

Karani ndiye aliyefungua makumbusho kila asubuhi saa mbili kamili. Siku nyingine alivaa shati nje ndani, siku nyingine alisahau kunywa chai aliyoishika mkononi, lakini hizo funguo hakuwahi kuzisahau. Zilikuwa zimemtoboa mifuko ya suruali tatu, na Fundi ndiye aliyeiziba.

*

Fomu ikalala mezani chini ya chupa ya chai.

"Saini, mama," binti akasema. "Kwani uongo? Wiki iliyopita ameniita shangazi."

"Si uongo."

"Basi?"

"Kuna ukweli wa kuweka chini ya godoro na kuna ukweli wa kubandika ukutani. Huu wanaubandika mlangoni. Kesho asubuhi yeye ndiye anayefungua huo mlango. Ausome? Macho yake hayajaharibika."

"Na sare utashona kwa meno?"

"Meno ninayo."

"Sita."

"Sita yanatosha." Fundi akavuta mkasi kukata uzi, na kidole chake kikateleza juu ya kitu laini kwenye mpini. Akausogeza kwenye mwanga. Palikuwa na mstari mdogo unaong'aa, na juu ya mstari, kwa wino mweusi na hati iliyolala kidogo kulia: 412.

Aliijua hiyo kazi. Kitu cha makumbusho huandiki namba juu yake hivi hivi. Unapaka kwanza rangi ya kucha isiyo na rangi, inakauka, ndiyo unaandika juu yake, halafu unapaka tena, ili siku ukitaka kufuta namba, kitu chenyewe kisidhurike. Miaka ya nyuma Fundi aliikuta chupa ya rangi hiyo kwenye koti la mumewe, akanuna siku tatu bila kusema kwa nini, mpaka Karani akamshika mkono akampeleka makumbusho akamwonyesha mtungi. "Huyu ndiye mwanamke wangu," akamwambia. Walicheka njia nzima kurudi.

"Hebu angalia chini ya hicho kikombe," Fundi akasema.

Binti akakipindua. "Mia nne kumi na nne."

Pasi ilikuwa 413. Stuli ya jikoni 415. Kibatari kilichokatika shingo 416. Picha ya harusi, nyuma, pembeni, 417. Kitasa cha kabati. Binti alianza kwa kucheka, anapindua vitu na kutaja namba kama mnada, lakini alipofika kwenye kijiko kidogo cha plastiki alicholishiwa uji akiwa mtoto, akakikuta nacho kina namba, akakaa chini na kukishika tu.

Fundi alikwenda kukaa, akavua kandambili, na akaona. Kwenye soli ya kandambili ya kulia: 420.

Karani alikuwa kibarazani nyuma ya nyumba, anapata jua la jioni. Fundi akatoka na kandambili mkononi, mguu mmoja mtupu, akakaa kando yake.

"Na hii?"

Akaipokea akaisoma. "Ni yako."

"Najua ni yangu. Nayo inakwenda makumbusho?"

"Nilitaka nikuandike wewe," Karani akasema. "Jana mchana. Nikakuta umelala. Nikatafuta mahali pa kupaka, nikaona nitakuamsha. Umechoka siku hizi. Nikapaka kiatu."

Fundi alikuwa na mambo mengi ya kusema tangu Jumatatu, ameyapanga kama vifungo kwenye kopo, na yote yakamwagika.

"Ile cherehani," Karani akaendelea, anaongea taratibu kama mtu anayevuka mto kwa mawe, "siku moja niliamka nikaiangalia. Nikajiuliza, hii ni ya nani? Nikakaa pale kitandani nikasubiri. Jibu lilikuja. Ila lilichelewa, mama watoto. Lilichelewa sana. Nikasema, lisije likachelewa zaidi. Kikiingia kwenye daftari hakipotei. Hata mimi nikipotea, mtu atafungua atasoma."

"Sasa mimi nashona na nini?"

Akamgeukia, na uso wake ukashtuka kabisa, kama mtu aliyekumbuka kaacha mtoto sokoni. "Bado unashona?"

"Bado nashona."

"Nimekukosea."

"Umenikosea," Fundi akasema. Akachukua kandambili yake akavaa. "Vaa sweta, kunapoa."

*

Mlango wa pili na wao palikuwa na fundi kijana, mji ulimwita Mwenye Umeme kwa sababu cherehani yake haikukanyagwa. Alimwambia Fundi aje wakati yeye anakwenda kula mchana. Alikuwa kijana mwema, na ndiyo maana iliuma. Cherehani yake ilikuwa na haraka kama mbuzi aliyekatika kamba. Fundi akigusa tu, kola imeshapita, imekunjamana, imemeza uzi. Siku ya kwanza aliharibu mbili. Siku ya pili Mwenye Umeme alirudi mapema, akamwangalia kidogo, akasema, "Mama, labda huu ndio wakati wa kupumzika. Hizo sare niletee mimi, tutagawana."

Fundi akamshukuru, akakusanya vipande vyake, akaenda kushona kwa mkono. Ijumaa vidole vilikuwa vimevimba, na alikuwa amemaliza sare tatu.

Mteja mmoja akaja, mama wa watoto watano, sare zao zote ziko kwa Fundi. Alisimama mlangoni akaona zile alama nne sakafuni. Mji mdogo, habari ilishafika.

"Fundi, usinielewe vibaya," akasema. "Wewe ndiye uliyenishonea na mimi. Lakini mwalimu wa zamu akiwarudisha watoto nyumbani, hatasikia habari ya historia."

"Chukua," Fundi akasema. "Vimeshakatwa, mwambie utakayempa aache inchi moja kwenye pindo. Mkubwa wako anarefuka." Akafunga kitambaa cha sare tano kwenye gazeti, akakifunga na uzi, fundo zuri.

Asubuhi ya Jumamosi alisaini. Alichukua kalamu kwenye mfuko wa shati la mumewe lililokuwa limetundikwa, akasaini, akairudisha ile kalamu palepale, akakunja fomu akaitia kwenye mkoba pamoja na kola aliyokuwa akiishona. Halafu akampigia Karani shati pasi.

*

Wanachama wanane walikaa nusu duara katika chumba cha vifurushi, na Karani wa tisa mbele yao na daftari. Fundi alipewa kiti kando ya mlango, karibu na ubao wa matangazo. Alijaribu kutouangalia.

Kabla ya kikao Mwenyekiti alikwenda kwenye saa ya ukutani, akafungua kioo, akatia ufunguo, akazungusha mara kumi na moja. Watu wazima wote wale walikaa kimya wakihesabu kwa midomo.

"Mwalimu," Fundi akauliza, "kwa nini hiyo saa inafanya kazi na vingine vyote vimelala?"

Karani ndiye aliyejibu. Hakuinua hata kichwa. "Namba kumi na saba. Saa ya ukutani. Mtoaji, mjane wa stesheni masta. Sharti la mtoaji: itiwe ufunguo kila Jumamosi, isisimame." Akageuza ukurasa. "Mwaka wa mafuriko tuliitia ufunguo tumesimama kwenye maji. Chama kinaweza kuvunjika. Sharti la mtoaji halivunjiki."

"Kweli tupu," akasema Mweka Hazina, dereva wa treni mstaafu, mtu wa kulalamikia kila kitu isipokuwa hicho. "Na viatu vyangu havikupona. Sasa tuendelee, tuliambiwa leo kuna barua kutoka kwa familia. Ipo au haipo?"

Mwenyekiti akamwangalia Fundi. Fundi alikuwa ameshatia mkono kwenye mkoba. Karatasi ilikuwa pale, kwenye ncha za vidole. Akauacha mkono humo humo.

"Kabla ya barua," akasema. "Namba mia nne na kumi na moja sharti lake ni lipi?"

Mwenyekiti akalivuta daftari akalipekua, akafuata mstari kwa kidole mpaka kwenye safu ile, akasimama. "Pako wazi. Hakuandika."

"Bado anaruhusiwa kuandika?"

Miwani ikavuliwa. "Ndani ya siku thelathini tangu kutoa. Aandike mwenyewe, kwa mkono wake. Na asiambiwe na mtu cha kuandika." Akaifuta miwani. "Mke wake hasa."

"Sitamwambia."

Daftari likageuzwa likawekwa mbele ya Karani, na kidole cha Mwenyekiti kikaonyesha ile nafasi tupu. Karani akachomoa kalamu, akaifungua, akashika vizuri kama alivyoshika siku zote. Kisha hakuandika. Akamtazama mkewe. "Niandike nini?"

Fundi akauma mdomo wa chini. Wanachama walikuwa wanaangalia viatu vyao.

Karani akaigeukia cherehani juu ya jukwaa. Akaiangalia muda mrefu, ile kamba, lile gurudumu linalong'aa. "Hii," akauliza kwa sauti ndogo, kama hataki wenzake wasikie, "hii ni ya nani?"

Mweka Hazina, aliyezoea kukohoa kila dakika, akazuia kikohozi. Saa ikasikika. Mwenyekiti akanyoosha mkono kulirudisha daftari, kwa upole, kama unavyomwondolea mtoto kisu.

Fundi akasimama. Akavuka chumba, akainua ile kamba nyekundu, akapita chini yake.

"Shemeji, hairuhusi..." Mwenyekiti akaanza, akaiacha sentensi hapo.

Hapakuwa na kiti chake pale juu, akavuta kreti ya maonyesho akaikalia. Akatoa kola kwenye mkoba, akapitisha uzi, akalaza mguu wa sindano. Hakumwangalia mumewe. Kiganja kikaenda chenyewe pale rangi ilipobanduka, na miguu ikapata kanyagio.

Ilikuwa sauti ya kawaida tu. Taka-taka-taka, halafu pumziko kwenye kona ya kola, halafu taka-taka tena, na mlio mdogo wa mkanda uliotaka kubadilishwa tangu mwaka juzi. Kila asubuhi kwa miaka thelathini na minane Karani aliamshwa na sauti hiyo kabla ya jogoo, akalala nayo dakika tano zaidi, akaamka. Alivaa viatu akiisikia. Alipokuwa na homa aliisikia. Siku aliyozaliwa binti yao ilikuwa kimya mchana mzima, na Karani, aliyepita dirishani na barua akakuta hakuna sauti, akaingia ndani mbio.

Akainua kichwa. Hakuangalia cherehani. Alielekeza sikio, kama mtu aliyeitwa kwa jina lake kutoka chumba kingine, anayetaka kuitika.

Akaandika. Taratibu, herufi zimelala kidogo kulia. Akapuliza wino ukauke. Akasaini, akalisukuma daftari.

Mwenyekiti alisoma kwanza kimya, kisha akasimama akasoma kwa sauti ya darasani, ila mwishoni haikukaa sawa. "Sharti la mtoaji: isinyamaze. Mke wangu ashone nayo hapahapa kila siku, na asidaiwe kiingilio."

Mtu mmoja nyuma akacheka, akapenga kamasi.

"Hapahapa?" akasema Mweka Hazina. "Na vipande vya nguo, na wateja, na watoto wa kupimwa? Humu ndani?"

"Kumi na saba tunaitia ufunguo," Mwenyekiti akasema. "Hii itashonewa. Na ile barua, shemeji?"

Fundi alikuwa ameacha kukanyaga. "Inatikisika," akasema. "Mguu huu haugusi. Unataka kitu chini yake." Akaitoa karatasi kwenye mkoba, akaikunja mara mbili, mara nne, mara nane, akaikandamiza kwa kucha ikawa ngumu kama kipande cha boksi, akampa.

Mwenyekiti aliijua hiyo karatasi. Aliijua kwa rangi. Akapiga magoti, magoti yakalia yote mawili, akainama chini ya cherehani.

"Sasa?"

Fundi akakanyaga. "Imetulia."

*

Sare ishirini na moja ziliisha siku moja kabla ya shule, na wateja wengine wawili walikuja kwa sababu tu walitaka kuona mtu anayeshona makumbusho. Ile karatasi ya ukutani ilibanduliwa, ikawekwa nyingine, ya mtu aliye hai. Mweka Hazina alilalamika kuhusu vipande vya nyuzi, halafu akaleta suruali yake ipunguzwe kiuno.

Karani hakupona. Hakuna aliyedanganyika kwa hilo. Siku moja alifungua makumbusho saa mbili kamili kisha akakaa nje kusubiri afunguliwe. Siku nyingine alimkaribisha Fundi mlangoni, akamweleza historia ya jengo kuanzia msingi, kwa heshima zote, na Fundi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwambia asante. Jioni binti aliuliza, uliumia? Fundi akasema, "Niliumia. Lakini anaeleza vizuri, mwanangu. Mambo mengine sikuyajua."

Mwezi wa pili wa muhula walikuja watoto wa shule, mstari mrefu. Karibu robo yao walikuwa wamevaa mkono wa Fundi bila kujua. Karani aliwapitisha kwenye masanduku ya barua, kwenye mtungi, kwenye saa, akawafikisha chumba cha vifurushi.

"Namba mia nne na kumi na moja," akasema. "Cherehani ya mguu. Mtoaji, mimi. Hii haiguswi, ndiyo maana mnaona kamba."

Msichana mmoja wa mbele, aliyekosa meno mawili, akanyoosha mkono. "Babu, mbona yule bibi anaigusa?"

Karani akageuka. Fundi alikuwa kwenye pindo la sketi, kichwa chini. Alisikia, lakini hakuinua uso na hakumsaidia. Aliendelea tu kukanyaga, taratibu, bila kukatiza.

Watoto wakasubiri. Mmoja akaanza kumsukuma mwenzake, akakemewa. Karani alisimama na kidole kimekaa hewani, na mtu angeweza kudhani amelala kwa macho.

Kisha uso wake ukafunguka.

"Yule anaruhusiwa," akasema.